"Wageni wametujaa Kasulu?" Hofu ya mpakani, siasa zake, na karatasi unazopaswa kuwa nazo

*"Naandika kutoka Kasulu, ambako nauza mawese na maharage. Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 maneno hayajaisha huku kwetu: eti Warundi wameingizwa kwenye daftari, eti ndio wanaotuchagulia viongozi, eti baada ya miaka kumi ardhi yote itakuwa yao. Jirani yetu aliyegombea uenyekiti wa kijiji aliitwa Mrundi hadharani, nami nilikaa kimya. Naomba kuelewa: wageni ni wengi kiasi hicho? Mbona maneno haya hupanda kila uchaguzi kisha yakatulia? Tena nina la nyumbani. Marehemu mama mkwe alizaliwa ng'ambo, Burundi, akaolewa hapa miaka ya 1960. Mwanangu wa miaka 20 ameomba kitambulisho cha NIDA, mwaka unakwisha, anaambiwa alete ushahidi wa babu na bibi. Nimeanza kuogopa kwamba yale niliyokuwa nikiyasikia juu ya wengine yametufikia sisi. Na msimu wa kulima huwa tunachukua vibarua wanaovuka mpaka. Tufanyeje?"*

Dada yangu, unaogopa wageni, na papo hapo unaogopa kuitwa mgeni. Kwa mtu wa Dodoma hizo ni hofu mbili tofauti. Kwa mtu wa Kasulu, Kibondo au Buhigwe, huko Kigoma mpakani, ni hofu moja, kwa sababu ukiukoroga moto wa "nani Mrundi", wa kwanza kuungua si yule aliyevuka mto jana. Huyo ana njia ya kurudi alikotoka. Anayeungua ni Mtanzania asiye na karatasi. Nakuomba ushike hilo, maana majibu yangu mengine yote yanatoka hapo.

Tuanze na neno lenyewe. Huko kwenu watu wa aina tano huitwa jina moja, na kila mmoja ana sheria yake. Yupo mkimbizi, anayetambuliwa kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, anayeishi kambini na anayehitaji kibali ili atoke nje ya kambi. Yupo anayeomba hifadhi, ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Yupo aliyevuka bila hati kuja kulima au kuchuuza, ambaye serikali humwita mhamiaji haramu. Yupo raia wa tajnisi, yaani aliyekuwa mgeni akaomba uraia, akapewa. Kundi kubwa la hawa ni wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 na uzao wao, waliolima miaka mingi katika makazi ya Katumba na Mishamo, na kule Tabora katika Ulyankulu ya tumbaku. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia kufikia 2010 na kuanza kupewa vyeti Oktoba 2014. Hawa ni raia. Wanapiga kura kihalali, wanamiliki ardhi kihalali, na mlango mkubwa wanaofungiwa na Katiba ni wa urais, ambao unataka raia wa kuzaliwa. Wa tano ni Mtanzania wa kuzaliwa mwenye bibi au babu wa ng'ambo, kama mwanao. Mtu akisimama kwenye mkutano akasema "Warundi wamejaa", muulize anasema yupi kati ya hawa watano. Mara nyingi sentensi yake haifiki mwisho.

Je, ni wengi? Hapa sitakuridhisha wewe wala wanaokupinga. Kwa nchi nzima yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, wakimbizi wote hawafiki nusu ya asilimia moja. Lakini hawakusambazwa nchi nzima, wamewekwa kwenu. Baada ya vurugu za Burundi za 2015 kambi tatu za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zilifika kuwa na watu zaidi ya laki tatu, Wakongo wakiwemo. Mtu wa Kibondo anayesema ameiona dunia ikijaa ghafla hasemi uongo. Ila lazima aseme na kilichofuata: kurejea kwa hiari kulianza Septemba 2017, zaidi ya laki moja walirudi kwao, na Mtendeli ikafungwa 2021. Sasa tazama sensa. Kati ya 2012 na 2022 watu wa Kigoma waliongezeka kutoka milioni 2.13 hadi milioni 2.47, yaani asilimia 16 hivi. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Tabora, isiyo na kambi hata moja ya namna hiyo, iliongezeka kwa asilimia 48. Mkoa unaosemwa kujaa wageni ulikua kwa kasi ya chini ya nusu ya taifa. Kigoma inatoa watu kuliko inavyopokea. Vijana wenu wako Dar es Salaam, Katavi na kwingineko.

Kwa nini basi macho yanaona kujaa? Kwa sababu macho hayahesabu, yanakumbuka. Mkimbizi mmoja akikamatwa na bunduki, habari hiyo husimuliwa soko la Jumatatu, la Jumatano na la Jumamosi, na mwisho wa wiki masikioni imekuwa matukio matatu. Mia tano waliolala kambini usiku huohuo hawana msimulizi. Halafu kwenu kuna jambo ambalo sehemu nyingi hazina: mgeni haonekani. Kiha na Kirundi wasemaji wake wanaelewana bila mkalimani. Pacha wa kwanza anaitwa Bukuru upande huu, na Bukuru upande ule. Pasipo alama ya wazi ya kumtenga mgeni, shaka haina pa kukomea, na hatimaye humfikia yeyote asiyependwa.

Sasa nisije nikaonekana nasema hofu yote ni hewa. Sivyo. Kuna mambo manne ya kweli, na kiongozi anayeyapuuza anawasukuma watu kwa wachochezi.

La kwanza ni kuni na miti. Watu elfu hamsini au laki moja wakiwekwa mahali pamoja na kupewa mahindi na maharage makavu, wanahitaji moto wa kuyapika, na msitu unaozunguka kambi unaliwa kutoka ukingoni kwenda ndani. Mwanamke wa kijiji jirani aliyekuwa akitembea nusu saa kutafuta mzigo wa kuni sasa anatembea saa mbili. Huyo ana haki ya kulalamika.

La pili ni ujira. Utafiti uliofanywa mkoani Kagera baada ya wimbi la wakimbizi wa Burundi na Rwanda la 1993 na 1994 ulionyesha jambo ambalo wauzaji wa mazao kama wewe hulijua tumboni: wenyeji hawakuathirika sawasawa. Mwenye shamba alipata mikono ya bei nafuu na soko kubwa la ndizi na maharage. Mwenyeji aliyekuwa akiishi kwa kibarua cha jembe alipata mshindani aliyekubali malipo ya chini. Bei nazo ziligawanyika: vyakula visivyotolewa na mashirika ya misaada vilipanda sana, mahindi ya msaada yakapooza bei ya mahindi. Kwa hiyo ukisikia mmoja anasema wakimbizi wametuletea biashara, na mwingine anasema wametufukarisha, usitafute mwongo kati yao. Uliza tu kila mmoja anaishi kwa kazi gani.

La tatu ni ardhi, na hapa lawama mara nyingi hukosea anwani. Mkimbizi wa kambini hapewi shamba la kijiji. Migogoro mikubwa ya ardhi ya mkoa wenu ina mikono mingine: mipaka ya hifadhi, kama ule mgogoro wa muda mrefu wa Kagera Nkanda na msitu wa Makere Kusini, makundi ya ng'ombe yanayoshuka kutoka mikoa ya kaskazini kuelekea Uvinza, na viongozi wa vijiji wanaouza ekari za kijiji bila mkutano mkuu. Zipo pia ekari zilizokodishwa kwa watu wasio na hati, hilo lipo. Lakini aliyezikodisha ni mwenyeji, tena kwa fedha taslimu.

La nne ni usalama, nalo ni la polisi na la mipaka, litajibiwa kwa doria na kesi, si kwa kunusa lafudhi za watu.

Umeuliza kuhusu daftari. Watu wengi hawajui kwamba kuna orodha mbili zisizohusiana. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Linatumika kumchagua rais, wabunge na madiwani, linachukua picha na alama za vidole, na uboreshaji wake wa karibuni ulizinduliwa hapohapo Kigoma tarehe 20 Julai 2024. Orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa ni nyingine kabisa. Iliandikwa kwa siku kumi, 11 hadi 20 Oktoba 2024, kila kitongoji na daftari lake la karatasi, kwa kutegemea kwamba watu wa kitongoji wanajuana. Uzuri wake ni kwamba bibi asiye na kitambulisho chochote haachwi nje. Udhaifu wake ni huohuo: mtu asiye raia anayejulikana kitongojini anaweza kuandikwa, kwa bahati mbaya au kwa hila, na hakuna mashine ya kumkataa. Kwa hiyo sisemi haijawahi kutokea. Nasema mambo mawili. Orodha zote mbili hubandikwa wazi kabla ya kura, na sheria inaruhusu pingamizi la maandishi dhidi ya jina mahususi, kwa sababu mahususi. Mwenye uhakika aende na jina na ushahidi wakati wa ubandikaji. Mwenye kelele za jumla baada ya matokeo hatafuti daftari safi, anatafuta sababu ya kushindwa.

Na hapa ndipo penye swali lako kubwa: mbona yanapanda na kushuka na kalenda ya uchaguzi? Wageni hawaongezeki Septemba na kupungua Desemba. Kinachopanda na kushuka ni mahitaji ya wanasiasa. Fikiria mgombea ana dakika kumi jukwaani. Akizungumzia kisima kilichokufa, ataulizwa alikuwa wapi miaka mitano. Akiahidi barabara, ataulizwa fedha. Akisema "tatizo ni wageni", hahitaji fedha, hahitaji kuonyesha kazi, na anaowasema hawana kura ya kumwadhibu nayo. Ni bidhaa ya bei rahisi kuliko zote jukwaani. Tena inaunganisha watu waliokuwa wakigombana wao kwa wao, angalau hadi matokeo yatangazwe.

Usidhani ni tabia ya Kigoma peke yake. Uingereza ilipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016, London, yenye wahamiaji wengi kuliko mji wowote wa nchi hiyo, ilipiga kura kubwa ya kubaki. Mji uliotoa asilimia kubwa kuliko yote ya kujitoa, zaidi ya 75, ni Boston, mji mdogo wa mashamba ya mboga uliokuwa na wageni wachache, kisha wakaja vibarua wengi wa Ulaya Mashariki ndani ya miaka michache baada ya 2004. Serikali ilikuwa imekadiria watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka; walikuja wengi mno kuliko hao. Somo la Boston ni kwamba kinachowatia watu hofu ni kasi ya mabadiliko kuliko idadi, na pale ambapo serikali imekadiria vibaya kisha ikanyamaza, hofu hugeuka hasira. Kibondo ya 2015 na 2016 ilikuwa Boston, kwa ukubwa zaidi.

Lakini mifano inayotuhusu zaidi ipo karibu. Zambia ilibadilisha katiba mwaka 1996 ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ikamtangaza Kenneth Kaunda, mtu aliyeiongoza nchi hiyo kupata uhuru, kuwa si raia wa nchi yoyote, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Alirudishiwa uraia mwaka uliofuata. Kodivaa walifanya uzawa kuwa sera, wakamzuia mwanasiasa Alassane Ouattara kugombea urais kwa hoja ya asili ya wazazi wake, na mwaka 2002 nchi ikapasuka kwa vita. Kwetu mwaka 2001 serikali ilimtangaza mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu, pamoja na wengine watatu, kuwa si raia. Mtu aliyekuwa amekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Hawa walikuwa na majina, marafiki na magazeti ya kuwasemea. Mgombea wa kijiji hana hayo. Ndiyo maana neno moja lililotupwa kwa jirani yako si mzaha wa kampeni.

Na historia ya mpaka wenyewe inawapinga wanaodhani damu hujulikana kwa upande wa mto. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Buha, yaani nchi ya Waha huko kwenu, na Burundi zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Wabelgiji walipowafukuza Wajerumani mwaka 1916 waliishika nchi hadi Kigoma na Ujiji, wakawaachia Waingereza upande huu mwaka 1921. Kwa miaka mitano ofisi ya bandari ya Kigoma ilitawaliwa na walewale waliotawala Usumbura (Bujumbura ya leo). Mstari ulipochorwa ulipita katikati ya watu waliokuwa wakioana, na hawakuacha kuoana. Wamanyema wa Ujiji wana mizizi ng'ambo ya ziwa tangu enzi za misafara, na hakuna mwenye akili anayewaambia leo warudi.

Kuhusu jirani yako: uraia wa mgombea una mahali pake pa kuhojiwa, nalo ni pingamizi la maandishi kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi, ndani ya muda uliowekwa baada ya uteuzi, na majibu yake hukatiwa rufani. Nje ya hapo, kumwita mtu Mrundi jukwaani ni kumharibia jina na kukiuka maadili ya uchaguzi, na malalamiko yanapokelewa. Ulikaa kimya, wengi hukaa kimya kwa kuogopa kidole kisiwageukie. Bado unaweza kumwendea nyumbani ukamwambia hukulipenda lile. Kwa mtu aliyetengwa na kijiji, ziara hiyo si ndogo.

Sasa mwanao. Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo penye la kufanya.

Mikoa ya mpakani maombi ya NIDA hupitia kwa afisa uhamiaji kwa mahojiano. Kijana anakaa kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani. Anaulizwa babu yako mzaa baba alizaliwa kijiji gani, bibi yako alizikwa wapi, shangazi zako wameolewa wapi. Kijana wa miaka 20 hajui, anabuni. Wiki ijayo baba yake anaulizwa yaleyale, anajibu tofauti. Faili linawekwa kando. Mafaili mengi yanayokwama huko hayakwami kwa ugeni, yanakwama kwa majibu yasiyolingana.

Kwa hiyo ujue sheria inatafuta nini. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya uhuru, na angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia tarehe 9 Desemba 1961 bila kuomba, mradi alikuwa chini ya himaya ya Waingereza kama walivyokuwa karibu wenyeji wote. Kama babu mzaa baba wa mwanao alizaliwa Kasulu na baba au mama yake alizaliwa huku, basi babu ni raia. Mumeo aliyezaliwa hapa kwa baba raia ni raia. Mwanao aliyezaliwa kwa baba raia ni raia. Bibi wa Burundi havunji mnyororo huo hata pete moja, na hii ni hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kuomba uraia. Na wewe mwenyewe, kama ni raia, ni mnyororo wa pili unaojitegemea. Ileteni minyororo yote miwili. Usitegemee kauli kwamba "alizaliwa hapa" peke yake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinasomeka kwa upana, lakini ofisi hukitafsiri kwamba mzazi mmoja lazima awe raia.

Ushahidi wa babu hupatikana mahali ambapo watu hawaangalii. Kitabu cha ubatizo cha parokia ndicho bora kuliko vyote, kwa sababu kiliandikwa zamani na mtu asiye na maslahi: kina jina, tarehe, wazazi na kijiji. Nenda ofisi ya parokia na jina la ubatizo na makadirio ya mwaka, omba nakala yenye mhuri. Kwa Waislamu, ulizieni vyeti vya ndoa. Kisha risiti za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, karatasi za manamba za mashamba ya mkonge (Waha wengi walikwenda Tanga na Morogoro, na karatasi zao zilitaja wilaya ya nyumbani), rejista ya shule ya msingi ya mumeo, cheti chake cha kumaliza darasa la saba. Vikikosekana vyote, chukueni hati za kiapo za wazee wawili au watatu wasio ndugu, waliomjua babu, kila mmoja akieleza kwa maneno yake mwenyewe amemjuaje na tangu lini. Hati tatu zilizonakiliwa neno kwa neno ni sawa na hati moja, tena yenye shaka.

Cheti cha kuzaliwa cha mwanao kiwe cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Kagua herufi: Ntibaheza na Ntibahezwa kwa kompyuta ni watu wawili, na mchanganyiko wa R na L umekwamisha wengi. Jina likitofautiana kwenye hati mbili, wakili aandae hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, kabla hujaulizwa. Usipitishe vyeti halisi kwenye plastiki ya kubandika kwa moto. Mhuri haukaguliki tena. Weka picha ya kila karatasi kwenye simu ya mtu mwingine wa familia. Kila unapokabidhi kitu, andika tarehe, jina la ofisi na cheo cha aliyepokea, na omba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Kisha kaeni usiku mmoja, wewe, mumeo na kijana, mkaandike ukoo kwenye daftari: nani kazaliwa wapi, kaolewa wapi, kazikwa wapi. Na bibi aandikwe alikozaliwa kweli. Narudia, kweli. Kishawishi kikubwa ni kusema alizaliwa Kasulu ili mambo yaishe. Huo uongo hauhitajiki kisheria, na ukigundulika ndio utakaomfanya mwanao aonekane mgeni. Maelezo ya uongo kwenye maombi ya uraia ni kosa. Vishoka wanaokaa nje ya ofisi wakiahidi "kuingiza namba" nao waepukeni kwa sababu hiyohiyo: namba ya tarakimu 20 iliyopatikana kwa jalada bovu inaweza kufutwa baada ya miaka mitano, akiwa kazini.

Vibarua. Najua maharage hayasubiri. Lakini kumwajiri asiye na kibali ni kosa kwa mwajiri pia, na mkimbizi wa kambini naye hana ruhusa ya kuja shambani kwako bila kibali. Kuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakubadilishi hilo: mwenye hati ya kusafiria huingia, lakini nafasi za kazi ambazo Tanzania ilizifungua kwenye soko la pamoja ni za wataalamu, hazimo za jembe. Naona hii ni kasoro kubwa ya sera, kwa sababu kazi ipo, watu wapo, na njia halali ya msimu haipo. Madiwani na mbunge wenu wangefanya la maana kulibeba hilo kuliko kuhubiri damu. Hadi hapo chukua vibarua wenyeji hata kama ujira ni zaidi. Na kama kuna ambao walikwisha kulima kwako, walipe chao chote. Wapo wanaopiga simu uhamiaji siku ya malipo ili wasitoe fedha. Ni wizi, na ndio humfanya mtu aliyenyimwa jasho lake arudi usiku na panga.

Lini utafute mtu ana kwa ana? Kama mwanao atapewa barua inayosema si raia, au akinyang'anywa hati yoyote, au akishikiliwa, usiendelee kuandika maombi mwenyewe. Omba uamuzi uwe wa maandishi na wenye sababu. Tafuta wakili siku hiyohiyo. Msipokuwa na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu, na ofisi ya halmashauri itawaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa Kasulu. Aliyeshikiliwa aelezwe kosa lake na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Mambo yakifika Mahakama Kuu, wakili wako ataujua uamuzi wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, wa Machi 2018 katika shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania: mtu akiwa tayari ametambuliwa kuwa raia kwa hati, serikali inayopinga ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha. Mtu binafsi hawezi tena kuifungulia Tanzania shauri moja kwa moja katika mahakama hiyo tangu mwishoni mwa 2020, lakini hoja hiyo inaweza kusemwa mbele ya jaji wa hapa.

Kama hakuna barua ya kukataliwa na faili limelala tu, hujafika huko. Andika barua fupi ya kuulizia, ambatisha ukoo mlioandika na hati za babu, peleka NIDA wilaya na nakala kwa uhamiaji wilaya. Mtangulize mumeo kwenye mahojiano kabla ya kijana. Anza na parokia wiki hii. Mvua za masika zikifunga barabara za vijijini, wazee wa kula viapo hawafikiki hadi Juni.